David Moyes: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu beki wa Glasgow aliyegeuka kocha

Taja jina la David Moyes kwenye kibanda umiza chochote na hutakosa mtu wa kuguna: "Si yule aliyeiharibu United?" Ndiye. Ila Manchester United alikaa miezi kumi tu, na ukocha ameuanza tangu 1998. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia kila timu yake inapocheza. Mengine majibu yake ni ya mstari mmoja, na mengine yanataka mtu avute kiti.

Moyes ni nani hasa?

Ni Mskoti aliyezaliwa Glasgow tarehe 25 Aprili 1963. Alicheza beki wa kati, akawa kocha akiwa na miaka 34. Amefundisha Preston North End, Everton, Manchester United, Real Sociedad, Sunderland, West Ham mara mbili, na mwaka 2025 akarudi Everton. Jina lake hutamkwa "Moizi". Ukimsikia mtangazaji akisema "Moyesi", usimcheke, wengi tulianzia hapo.

Uwanjani alikuwa mzuri kiasi gani?

Wa kawaida. Beki mrefu, mzuri hewani, wa kupiga kichwa na kukaba, asiye na mbwembwe. Alianzia Celtic mwaka 1980, na msimu wa 1981/82 timu ikachukua ubingwa wa Scotland naye akiwemo kikosini, lakini kwa misimu mitatu alicheza mechi 24 tu za ligi. Mwaka 1983 akashuka kusini kwenda Cambridge United, na kutoka hapo maisha yake yakawa ya madaraja ya chini: Bristol City, Shrewsbury Town, akarudi Scotland kuichezea Dunfermline Athletic, akapita Hamilton Academical kwa muda mfupi, kisha akamalizia Preston.

Siku yake kubwa kama mchezaji ilikuwa mwaka 1986 pale Wembley, Bristol City ilipoifunga Bolton 3-0 kwenye fainali ya kombe la klabu za madaraja ya chini. Mwaka 1996 akapata medali nyingine, Preston ilipotwaa ubingwa wa daraja la nne kwa hesabu ya ngazi za soka la Uingereza. Ukijumlisha, alicheza zaidi ya mechi 500 za ligi, nyingi kwenye viwanja ambavyo kamera za televisheni huwa hazifiki.

Aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Scotland?

Timu ya wakubwa, hapana. Wala hajawahi kuwa kocha wake.

Alianza lini kufikiria ukocha?

Mapema kuliko wachezaji wengi. Alipokuwa na miaka ishirini na ushee, umri ambao wenzake walikuwa wakitumia likizo ufukweni, yeye alikwenda Largs, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Scotland ambako chama cha soka cha nchi hiyo kilikuwa kikiendesha kozi za makocha. Kozi za Largs zilikuwa na sifa Ulaya nzima. Mchezaji aliyejijua kwamba kipaji chake kina ukomo alipata hapo njia nyingine ya kubaki kwenye mpira.

Na hili si lake peke yake. Msimu wa 2011/12 Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa na makocha saba Waskoti: Alex Ferguson, Kenny Dalglish, Alex McLeish, Owen Coyle, Steve Kean, Paul Lambert na Moyes. Saba kati ya klabu 20, tena wote wametoka Glasgow au jirani na hapo.

Ni kweli alicheza na David Beckham?

Ni kweli. Mwaka 1995 United ilimpeleka Beckham, kijana wa miaka 19, kwa mkopo Preston. Alicheza mechi tano, akafunga mabao mawili, moja likiingia moja kwa moja kutoka kwenye kona. Moyes alikuwa beki wa timu hiyo.

Ukocha aliupataje?

Januari 1998 Preston ilikuwa inanusa kushuka kwenda daraja la nne. Kocha Gary Peters akaondoka, na uongozi ukamkabidhi timu beki wake aliyekuwa tayari anasaidia kufundisha. Wachezaji aliokuwa akitaniana nao chumbani wiki iliyopita sasa walitakiwa kumwita kocha. Aliiokoa timu, msimu uliofuata akaifikisha kwenye mchujo wa kupanda, na 2000 akachukua ubingwa wa daraja la tatu. Mwaka uliofuata alibakiza mechi moja kuingia Ligi Kuu, akafungwa 3-0 na Bolton kwenye fainali ya mchujo pale Cardiff.

Katikati ya hayo, baada ya Brian Kidd kuondoka United mwishoni mwa 1998, Ferguson alimwita Moyes kumhoji kwa nafasi ya msaidizi. Kazi ikaenda kwa Steve McClaren, na miezi michache baadaye United ikabeba makombe matatu. Moyes akarudi zake Preston kupanga mazoezi ya mechi ya Jumamosi.

Kauli ya "klabu ya wananchi" ilitoka wapi?

Machi 2002, siku ya kwanza Everton. Alikuwa amepita mitaani Liverpool akaona watoto wamevaa jezi za bluu, akasema mbele ya waandishi kwamba hii ndiyo klabu ya watu wa mtaani, klabu ya wananchi. Everton wakaishika kauli hiyo kama mboni ya jicho, na Liverpool wakaikasirikia kwa sababu hiyo hiyo. Shabiki wa Yanga hahitaji kuelezwa uzito wa kujiita Timu ya Wananchi mbele ya jirani mwenye makombe yake.

Rooney aligunduliwa na Moyes?

Kugunduliwa, hapana, alikuwa mtoto wa Everton tangu akiwa na miaka tisa. Aliyemwamini na kumwingiza uwanjani ni Moyes. Agosti 2002 alimpa mechi ya kwanza ya ligi akiwa na miaka 16, na tarehe 19 Oktoba, siku tano kabla ya kutimiza 17, Rooney akaifunga Arsenal bao la dakika za mwisho lililokata mfululizo wao wa mechi 30 za ligi bila kufungwa. Mwaka 2004 akauzwa United.

Sisi huku tulimwona kwa macho yetu Julai 2017, aliporudi Everton na mechi yake ya kwanza kuchezwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, dhidi ya Gor Mahia. Alifunga kwa shuti la mbali, Everton ikashinda 2-1. Kocha wakati huo alikuwa Ronald Koeman, kwa hiyo mwenye kudai kwamba alimwona Moyes jukwaani Temeke siku hiyo anakutania.

Kwa nini Everton yake ilisifiwa wakati haikuchukua kombe hata moja?

Kwa sababu ya mfuko wake. Ukitaka kumwelewa Moyes, angalia bei za usajili wake. Tim Cahill alitoka Millwall kwa pauni milioni 1.5, akawa mfungaji wa vichwa anayeogopwa ligi nzima ingawa hakuwa mrefu. Seamus Coleman alitoka Sligo Rovers ya Ireland kwa pauni 60,000, bei ya gari zuri, akaja kuwa nahodha. Mikel Arteta alikuja kwa mkopo Januari 2005 kutoka Real Sociedad, alikokuwa hapati nafasi. Upande wa kushoto, Leighton Baines na Steven Pienaar wa Afrika Kusini walielewana kiasi kwamba mmoja alipopokea mpira mwingine alikuwa ameshaanza kukimbia.

Na alipotumia fedha nyingi hakuzitupa. Yakubu Aiyegbeni wa Nigeria alivunja rekodi ya usajili ya klabu mwaka 2007, na msimu wake wa kwanza akafunga mabao 21 kwenye mashindano yote. Hakuna mchezaji wa Everton aliyekuwa amefikisha 20 tangu Peter Beardsley msimu wa 1991/92.

Kilele kilikuwa 2004/05. Rooney ameuzwa, msimu uliotangulia timu imemaliza ya 17, watu wanasubiri mazishi. Everton ikamaliza ya nne, juu ya Liverpool ambao mwaka huo huo walikuwa mabingwa wa Ulaya. Agosti ikapangwa na Villarreal kwenye mechi za kufuzu Ligi ya Mabingwa, na kule Hispania mwamuzi Pierluigi Collina akakataa bao la kichwa la Duncan Ferguson. Mpaka leo mtaje Collina mbele ya mzee wa Everton uone.

Mwaka 2009 walifika fainali ya Kombe la FA baada ya kuitoa United kwa penalti. Louis Saha akaifunga Chelsea sekunde ya 25, na ukiwa shabiki unaanza kujiuliza kama ni leo. Haikuwa. Didier Drogba akasawazisha, Frank Lampard akamaliza, 2-1. Makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka mara tatu, 2003, 2005 na 2009, lakini kabati la makombe lilibaki vilevile.

Ferguson alimchagua vipi kumrithi?

Kwa simu. Moyes amesimulia kwamba alikuwa dukani na mkewe, amevaa jinzi, Ferguson akampigia akimtaka aende nyumbani kwake. Akadhani mzee anataka kumnunua mchezaji mmoja wa Everton. Alipofika akaambiwa, bila kuulizwa, kwamba yeye ndiye kocha ajaye wa Manchester United. Tarehe 9 Mei 2013 ikatangazwa, mkataba wa miaka sita.

Haya, sasa United. Nini kiliharibika?

Hapa kila mtu ana jibu lake. Mimi naanza na waliomzunguka. Ferguson aliondoka baada ya zaidi ya miaka 26 na mataji 13 ya ligi, na siku hizo hizo mtendaji mkuu David Gill naye akaondoka. Aliyeshika usukani wa usajili, Ed Woodward, alikuwa mgeni kwenye kazi hiyo kama Moyes alivyokuwa mgeni kwenye yake. Juu ya hapo Moyes akaagana na benchi la ufundi lililotoka kuchukua ubingwa, akina Mike Phelan na René Meulensteen, akaleta watu wake wa Everton. Akajikuta katika nyumba asiyoijua na wenyeji ameshawapa mkono wa buriani. Hilo kosa ni lake.

Halafu usajili. Majira yote ya joto walihangaika, na saa za mwisho za dirisha wakamchukua Marouane Fellaini kwa pauni milioni 27.5. Mkataba wa Fellaini ulikuwa na kipengele cha kumwachia kwa milioni 23.5, ila kilikwisha mwisho wa Julai. Walisubiri kikaisha, wakalipa zaidi. Juan Mata alikuja Januari kwa milioni 37.1, timu ikiwa imeshatota. Na kikosi chenyewe kilikuwa kimezeeka: Rio Ferdinand, Nemanja Vidić, Patrice Evra na Ryan Giggs wote walikuwa jua la jioni, na Paul Scholes alikuwa amestaafu.

Tarehe 9 Februari 2014 Fulham, timu ya mkiani, ilikuja Old Trafford, uwanja wa United. United ilipiga krosi zaidi ya 80. Themanini! Mabeki wa Fulham walikuwa wanapiga vichwa kama watu waliolipwa kwa kila mpira, na dakika za nyongeza Darren Bent akasawazisha, 2-2. Kocha wa Fulham siku hiyo? Meulensteen, yule yule aliyeondoka United miezi michache nyuma.

Everton kushambulia hivyo ilikubalika, kwa kuwa mpinzani alikuja kucheza na nafasi zilikuwepo. Old Trafford wapinzani wanajaa kwenye boksi lao, na timu inatakiwa kuwa na ufunguo mwingine zaidi ya kurusha mpira juu ya ukuta. Moyes hakuwa nao. Alikuwa amejifunza miaka 15 namna ya kumnyima mkubwa pumzi, na ghafla mkubwa akawa yeye.

Mwezi Machi mashabiki wakarusha ndege juu ya uwanja ikivuta bango la kumtaka aondoke. Tarehe 20 Aprili akafungwa 2-0, tena Goodison Park, kwa Everton yake. Siku mbili baadaye akafungashiwa virago. Mechi 51: kashinda 27, sare 9, kapoteza 15. Timu ikamaliza ya saba.

Alipata kombe lolote United?

Ngao ya Jamii, Agosti 2013. Mabao mawili ya Robin van Persie dhidi ya Wigan.

Baada yake United imepona?

Wamekuja Louis van Gaal, José Mourinho, Ole Gunnar Solskjær, Erik ten Hag na Rúben Amorim. Baadhi walibeba makombe, ila ubingwa wa ligi hakuna aliyeurudisha. Mashabiki wengi wa Mashetani Wekundu waliomtukana Moyes 2014 sasa wanazungumza kwa sauti ya chini kidogo.

Hispania alifanya nini?

Alikaa Real Sociedad mwaka mmoja, Novemba 2014 hadi Novemba 2015. Aliifunga Barcelona ya Messi 1-0 Januari 2015, kwa bao la kujifunga la Jordi Alba. Mwezi huo huo mwamuzi alimtoa nje kwenye mechi ya kombe na Villarreal. Akapanda jukwaani, akakaa katikati ya mashabiki na kuchukua krispi za mmoja wao. Matokeo ya mechi nyingi watu wameyasahau. Krispi wanazikumbuka.

Na Sunderland?

Huko ndiko alikochafuka zaidi, kuliko hata United. Baada ya mechi mbili tu za msimu wa 2016/17 aliwaambia mashabiki waziwazi kwamba wajiandae kupigania kubaki. Ukweli, lakini wachezaji nao walisikia. Walimaliza mkiani kwa pointi 24, wakashuka baada ya miaka kumi Ligi Kuu, akajiuzulu. Msimu huo pia kamera ilimnasa akimwambia mwandishi wa habari wa kike kwamba angeweza kuchapwa kofi. Aliomba radhi, chama cha soka cha Uingereza kikamtoza faini ya pauni 30,000. Wanaompenda hupita haraka hapo. Ilistahili ile faini.

West Ham ilimchukua mara mbili kwa nini?

Mara ya kwanza, Novemba 2017, alikuja kuokoa jahazi, akalifikisha nafasi ya 13, wakamwacha wamchukue mwenye jina kubwa, Manuel Pellegrini. Desemba 2019 jahazi likaanza kuzama tena, wakampigia simu. Nadhani wengi wetu tungekataa kupokea.

Safari hii walimpa muda. Januari 2020 alimchukua Jarrod Bowen kutoka Hull City na Tomáš Souček kutoka Slavia Prague, baadaye mwaka huo akamwongeza Vladimír Coufal, naye wa Slavia. Timu ikatoka nafasi ya 16 hadi ya sita, kisha ya saba. Mwaka 2022 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Europa, wakatolewa na Eintracht Frankfurt, na Moyes akala kadi nyekundu kwa kumpigia mpira kwa hasira mtoto muokota mipira. Mtu mzima wa miaka 59! Aliomba radhi usiku ule ule.

Usiku wa Praha ulikuwaje?

Tarehe 7 Juni 2023, fainali ya Ligi ya Konferensi ya Ulaya dhidi ya Fiorentina, kwenye uwanja wa Slavia jijini Praha (Prague). Kwa Souček na Coufal ilikuwa kama kurudi nyumbani na shada la harusi. Msimu mzima wa ligi Moyes alikuwa amekalia kuti kavu, timu ikamaliza ya 14, lakini kwenye mashindano haya hawakupoteza mechi hata moja.

Saïd Benrahma wa Algeria akafunga penalti dakika ya 62. Giacomo Bonaventura akasawazisha dakika ya 67. Watu wanajiandaa kwa muda wa ziada, dakika ya 90 Lucas Paquetá akapenyeza pasi, Bowen akakimbia peke yake na kipa. 2-1. Wagonga Nyundo hawakuwa wameshika kombe kubwa tangu Kombe la FA la 1980, miaka 43. Nahodha Declan Rice alilinyanyua, na mwezi uliofuata akauzwa Arsenal, kwa kocha Arteta, yule yule aliyekuja Everton kwa mkopo.

Moyes alimtafuta baba yake, mzee wa miaka 87, akamvalisha medali shingoni. Kocha alikuwa na miaka 60.

Ni kweli timu zake hupaki basi?

Nusu kweli. Hukaba wakiwa wengi nyuma ya mpira, hushambulia kwa kasi, na mipira ya kona na faulo huihesabu kama mali. Hiyo ni akili ya beki wa kati. Lakini Pienaar na Baines, au Paquetá na Bowen, hawakuwa matofali ya basi.

Kwa nini alirudi Everton?

West Ham ilimaliza ya tisa 2023/24 na mkataba wake haukuongezwa. Januari 2025 wamiliki wapya wa Everton walimwondoa Sean Dyche, timu ikiwa ya 16, pointi moja juu ya shimo la kushuka daraja. Moyes akarudi tarehe 11. Dyche alikuwa amekusanya pointi 17 katika mechi 19. Moyes, kwa wachezaji karibu walewale, akakusanya 31 katika 19 zilizobaki. Wakamaliza wa 13.

Ikamwangukia yeye kufunga mlango wa Goodison Park, uwanja uliotumika tangu 1892. Mechi ya mwisho ya wanaume ilikuwa tarehe 18 Mei 2025, Iliman Ndiaye wa Senegal akaifunga Southampton mara mbili. Agosti timu ikahamia uwanja mpya kando ya mto, Bramley-Moore Dock, na kuanza nao kwa kuifunga Brighton 2-0.

Amefundisha mechi ngapi Ligi Kuu?

Zaidi ya 700. Waliofika huko kabla yake ni wawili tu, Arsène Wenger na Ferguson.

Ni kweli hajawahi kushinda kwa wakubwa ugenini?

Ilikuwa kweli kwa muda mrefu, na ndiyo hoja kali zaidi dhidi yake. Miaka yote 11 ya Everton ya kwanza hakuwahi kushinda mechi ya ligi Old Trafford, Anfield kwa Liverpool, Stamford Bridge kwa Chelsea wala kwa Arsenal. Kwa Arsenal aliivunja Desemba 2023 akiwa na West Ham, 2-0. Old Trafford akasubiri hadi Novemba 2025: Idrissa Gueye alipewa kadi nyekundu mapema kwa kumzaba kibao Michael Keane, mchezaji mwenzake, na Everton ya watu kumi ikashinda 1-0 kwa bao la Kiernan Dewsbury-Hall.

Anfield alikwenda tena Septemba 2025. Alifungwa 2-1.